Jina Ambalo Mishame Hakulitaja

Mjukuu wa kwanza wa Mishame alipewa jina la Abebech, na bibi yake hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Wangu wa Kufunguka. Maua yaliyojaa mbele ya nyumba, ambayo wengine huyaita abeba, yeye aliyaita vile vinavyofunguka, na mtu aliyekuja kuuliza kwa jirani Abera ni wapi, ilibidi asubiri kidogo mpaka Mishame apate njia ya kumzunguka: yule mrefu, yule wa mlango wa bluu.

Baba mkwe wake aliitwa Abute. Huku Hadiya mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linaloanza kama jina hilo linavyoanza. Analiacha lipite, anatafuta jingine. Wasichana wa siku hizi wamechoka na desturi hiyo, na walimtania sana Mishame. Bibi, walimwambia, mwenyewe amekufa miaka ishirini iliyopita, hasikii. Naye aliwajibu, "Mimi nasikia," akaendelea na kazi yake.

Niliishi uani kwake miaka kumi na miwili, mwalimu wa kike wa shule iliyo chini ya kilima. Habari hii sikuipata mara moja. Niliipata vipande vipande wakati wa kuparua ensete, ule mgomba usiozaa ndizi ambao huku ndio chakula chetu, kwa sababu mdomo wa Mishame ulifunguka akiwa na ubao mbele yake na kipande cha mwanzi mkononi, si mahali pengine. Vipande alivyoviacha alinimalizia rafiki yake Bogalech.

Mwaka mmoja, wanajeshi wakiwa wametawala kwa muda mrefu, kanisa la kijiji chetu, Lalicho, lilifungwa. Mwinjilisti alichukuliwa siku ya soko na hakuonekana tena. Jengo halikubomolewa, liligeuzwa ukumbi wa chama cha wakulima. Mabenchi yalibaki yaleyale. Ukutani, mahali palipokuwa na msalaba, palibaki alama nyeupe, na juu yake zikabandikwa picha za wazee watatu wa ng'ambo wenye ndevu. Wanawake walisema kimyakimya kwamba wazee wale hawajawahi kushika jembe, ukiwatazama mikono.

Kila Jumatano watu wote wazima walitakiwa kuhudhuria mkutano ukumbini. Mkutano ulifunguliwa kwa kusimama, kuinua ngumi ya kushoto na kusema kwa pamoja: abiyoti juu ya yote. Abiyoti ni mapinduzi, kwa lugha ya serikali. Hapo ndipo waumini walipokwama. Serikali walikuwa tayari kuitii, kazi za pamoja walikwenda, lakini kusema kwamba kuna kitu kilicho juu ya yote, na kitu hicho si Mungu, midomo yao haikuweza. Wengi walichezesha midomo bila sauti. Wengine walikohoa.

Mishame alisimama tu, mkono chini, mdomo umefungwa. Na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu kila mtu pale kijijini alijua jina la baba mkwe wake, na alijua neno lile linaanzaje. Bogalech alimwambia waziwazi kwamba Mungu amempa mlango wa pembeni. Mishame aliniambia kwamba alikubali. Kwa miezi minane alisimama ndani ya mlango huo.

"Nilikuwa nasema moyoni, wakiniuliza, nitasema ni kwa ajili ya mkwe wangu," alinieleza. "Na kila Jumatano nilirudi nyumbani na kitu kimenikaa hapa." Akagusa koo kwa mkono wenye utomvu.

Abute mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa na mti wake nyuma ya nyumba, mti wa baba zake, na kila baada ya mavuno mwanamke wa nyumba alipaswa kuleta siagi ya kuupaka shina. Mume wa Mishame, Lodamo, alipochukuliwa kwenda vitani, mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo zamu ya siagi ikamwangukia Mishame. Akapeleka siagi mezani kwa mzee, akasema ni ya kula, mtini hataipeleka. Abute hakumpiga. Alifanya jambo baya kuliko kupiga. Alikataa kula chakula cha mkono wake. Mwaka mzima alikula kwa binti yake, ng'ambo ya kijito, akipita na fimbo yake mbele ya jiko la Mishame kila asubuhi bila kugeuza shingo, na kijiji kizima kilimwona akipita.

Basi mwanamke huyu aliishi hivyo, akilinda jina la mtu asiyetaka hata mboga yake.

Sala waumini hawakuiacha. Mahali wanawake wanapoparua ensete, mwanamume hakaribii. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Wanawake wamekaa miguu wazi, mguu mmoja umekandamiza jani kwenye ubao, utomvu umewatapakaa mpaka mapajani, na mwanamume atakayechungulia hapo aibu ni yake na ya ukoo wake. Hata walinzi wa chama, na bunduki zao, walipofika kwenye uzio wa migomba waligeuka. Kwa hiyo kanisa la Lalicho lilihamia huko. Vitabu vilikuwa vimechomwa, lakini Mishame alikuwa na sura tatu kichwani, alizojifunza kusoma kwazo akiwa msichana. Alitoa mstari, wenzake wakaurudia, mwanzi ukipanda na kushuka.

Kilichowaponza ni nyimbo. Msimu wa kazi nyingi wanawake walifika ishirini na zaidi, na ishirini hawawezi kuimba chini chini. Mlinzi mmoja alisikia akiwa njiani. Hakuingia, aliketi nje ya uzio, akasikiliza sauti inayoanzisha kila wimbo, akaitambua. Jumatano iliyofuata kada alitumwa kutoka wilayani.

Aliitwa Handiso. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, Mhadiya kama wao, mwenye viatu vizuri na sauti ya upole. Bogalech alisema upole ule ndio uliomtisha. Mwenyekiti wa kijiji, Erjabo, alikaa kando yake. Erjabo alijifunza herufi zake katika jengo lile lile, kwenye benchi la tatu, na tangu apewe uenyekiti alikuwa na kazi ya kumwonyesha kila mtu kwamba amesahau.

Siku hiyo Handiso hakutaka watu waseme kwa pamoja. Alisema sauti ya pamoja inaficha wavivu. Akatoa karatasi yenye majina tisa, akaeleza kwamba atakayesema peke yake, wazi, na ngumi juu, ataketi na habari itaisha. Asiyesema, gari liko nje. Hakuna aliyehitaji kugeuka kulitazama. Wote walikuwa wamelipita wakiingia, na wote walikumbuka mwinjilisti.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa aliyekuwa akigawa mkate wa meza ya Bwana. Alisimama, akainua ngumi mpaka usawa wa sikio, akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Akaketi, akainamisha kichwa magotini, na hakukiinua tena mpaka mwisho. Wa pili alisema. Wa tatu, mjane, alisema huku analia, na Erjabo akapiga makofi.

"Haleluya," akasema Erjabo. "Mwaona? Kumbe haliumi. Nani anafuata? Ehe, Mishame. Mwimbishaji wetu. Simama, mama, leo tupe ubeti wa kwanza, sisi tutaitikia."

Watu kadhaa walicheka. Mishame alisimama. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa mgongoni, amelala. Mikono yake aliishusha ubavuni.

Handiso alingoja. Akamwambia kwa sauti yake ile laini kwamba hana haraka.

Nje ng'ombe walisikika wakikata majani. Bogalech, ambaye jina lake lilikuwa la tano kwenye karatasi, aliniambia kwamba alimtazama rafiki yake mdomo tu, kama mtu anavyotazama sufuria inayotaka kufurika. Akifungua na mimi nafungua, alijisemea. Akifunga, sijui.

"Kunguru wamekula ulimi?" Erjabo aliuliza. "Kwenye migomba mbona upo?"

Ndipo Abute alipoinuka kwenye benchi la wazee.

Hakuna aliyetazamia hilo. Alijifunga shuka yake vizuri begani, akaegemea fimbo, na bila kumtazama Mishame, kwa maana mkwe hatazamwi usoni, akamwambia yule kijana wa wilayani:

"Mwanangu, mnamwonea bure mke wa nyumba yangu. Mimi naitwa nani? Uliza yeyote humu. Na hilo neno lenu linaanzaje? Mnataka alitamke mbele yangu, mbele ya watoto wangu, kisha mimi nikaufiche wapi uso? Hajakataa serikali huyu. Ananiheshimu mimi."

Kicheko kikazuka, kicheko cha watu walioona njia. Naam, walisema wazee, ni kweli, ni Abute, ni mkwe wake, tulisahauje. Hata Erjabo alikuna kichwa. Na Handiso, aliyelelewa na mama wa Kihadiya, aliachia bega lake likashuka. Akacheka naye. Akasimulia kwamba mama yake mpaka leo hatamki neno la chumvi kwa sababu ya jina la baba mkwe wake. Akienda sokoni anaomba kile kinachofanya mboga iwe mboga, na wauzaji wameshazoea.

"Basi, dada, mkweo amekutetea," akamwambia. "Kaa. Inua ngumi tu, ukae. Neno tumekusamehe."

Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Angeketi. Mtoto angenyonya, na jioni wangepika. Na yule mzee, baada ya mwaka wa kupita bila kugeuza shingo, alikuwa amesimama mbele ya watu wote akamwita mke wa nyumba yake. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningeweza kubaki nimesimama. Sidhani.

Mishame hakuketi. Bogalech alimvuta sketi kwa nyuma, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu mpaka mshono ukalia. Mishame akatoka kwenye safu. Handiso aliacha kucheka. Mishame alipita katikati ya mabenchi mpaka alipokuwa Abute, akapiga magoti na mtoto wake mgongoni, akabusu goti la mzee juu ya shuka. Kichwa kikiwa bado chini, akasema:

"Baba, nisamehe kwa hiki ninachotaka kusema."

Abute alimnong'oneza kitu. Watu wa karibu walisema alimwambia: kaa chini, mtoto.

Mishame akainuka, akamgeukia kada.

"Jina la baba yangu nalilinda, na nitalilinda mpaka naingia kaburini," alisema. "Hilo amesema kweli. Lakini sikunyamaza kwa ajili yake. Nimewaacha mfikiri hivyo miezi minane, na hilo ni kosa langu, si lake. Hata kama kitu chenu kingeitwa kwa jina lingine, jina jepesi la kusemwa na mtoto, nisingesema kwamba kiko juu ya yote. Juu ya yote yuko Mungu. Na mkono wangu siuinui."

Hata katika maneno hayo yote, neno lenyewe hakulitamka.

Hakuna aliyecheka. Erjabo alipiga kelele kwamba si ndiyo hiyo sasa, amesema kwa mdomo wake. Handiso alimnyamazisha kwa kidole. Akamwuliza Mishame, taratibu, kama anajua kwamba amemfanya mkwe wake mwongo mbele ya kijiji. Hilo, alisema Bogalech, lilimpiga kuliko gari lililokuwa nje. Mishame aliyumba kidogo. Akajibu kwamba mzee hakusema uongo, alisema alichokiamini, na kwamba aliyemdanganya ni yeye kwa kunyamaza kwake.

Abute alikuwa bado amesimama. Shuka ilikuwa imemteleza begani na hakuipandisha. Walipomshika Mishame mkono, mzee alitoka nje kupitia mlango wa nyuma, na watu wakampisha bila kumtazama.

Mlangoni walimfungua mtoto mgongoni, wakasema gari halibebi watoto. Bogalech alimpokea. Kwa hiyo zamu yake ilipofika alikuwa na mtoto wa Mishame mikononi, analia kwa njaa, na Handiso akamwambia aseme. Bogalech alinieleza kwamba hakuwa jasiri hata kidogo. Lakini mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa na mwenye mlango mwenyewe. Akasema, siwezi. Waliobaki wanne nao wakasema hawawezi. Gari lilikuwa dogo na Handiso alikuwa na mikutano mingine. Aliwaandika majina, akaahidi kurudi, akaondoka na Mishame peke yake.

Gereza la wilaya lilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu. Wiki ya kwanza maziwa yalimjaa Mishame mpaka akapata homa. Alikuwa akiyakamulia kwenye kona ya ukuta, akiomba yasikauke. Hakujua kama mtoto anaishi. Kila asubuhi mlinzi alikuja na swali lile lile, utasema au hutasema, na kila asubuhi ilimbidi ajibu upya, kana kwamba jana hakujibu. Aliniambia ujasiri wa ukumbini ulikuwa wa dakika chache, na kwamba alimshukuru Mungu kwa huo, lakini huu wa asubuhi ndio uliokuwa mgumu. Kuna siku alifungua mdomo aseme. Hakunieleza nini kilimzuia. Alisema tu kwamba alikohoa, na mlinzi akapita.

Siku ya nane aliitwa getini. Alipofika, alimwona mwanamume amempa mgongo, amesimama kule nje ya wavu. Kwenye mgongo huo, amefungwa kwa shuka nzito nyeupe, alikuwepo mtoto wake.

Mwanamume wa huku habebi mtoto mgongoni. Njia nzima, saa nne, sokoni na darajani, watu walikuwa wamemcheka Abute. Walimwuliza amezaa lini. Walimwuliza kama naye ananyonyesha. Yeye aliwapita kama alivyozoea kupita mbele ya jiko. Pale getini alisimama vilevile, uso barabarani, mpaka mlinzi alipomfungua mtoto na kumpitisha. Mishame akaketi chini akamnyonyesha. Hawakutazamana, kama inavyotakiwa. Mtoto aliposhiba, mzee alirudi nyumanyuma hatua tatu, akapokea, akafunga shuka, akaondoka.

Alikuja hivyo kila baada ya siku mbili kwa miezi saba.

Walimwachia mvua zilipoanza, bila kumwambia kwa nini. Alitembea mpaka Lalicho. Abute alikuwa ameketi mlangoni pake, na alipomsikia akifungua lango la uani aligeuza uso upande wa mti wake. Mishame aliingia jikoni, akawasha moto, akakanda mkate wa ensete, akachemsha mboga na jibini. Kutoka nje alisikia mzee akimwambia mtu ambaye hakuwepo:

"Mwambieni yule, leo nitakula hapa."

Hakuwa Mkristo, Abute, mpaka alipokufa. Mishame hakulificha hilo na hakulipamba. Aliendelea kumwomba Mungu kwa ajili yake kila asubuhi, kwa miaka mingi, bila kumtaja jina, akisema Mungu anajua ni nani. Siagi ya mti, mzee aliipeleka mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kisha akapunguza, kisha hakupeleka tena, na hakuna aliyemwuliza. Mara moja tu alizungumza habari ya ukumbini. Aliuliza kupitia mlango uliofungwa, Mishame akiwa ndani anachuja maziwa, kwa nini hakuketi, nani angejua. Mishame alimjibu, "Jina lako nalitunza, Baba. Silitumii kujificha." Mzee akangoja pale mlangoni mpaka maziwa yakaisha kuchujwa.

Lodamo alirudi kutoka vitani. Kanisa lilifunguliwa tena serikali ile ilipoanguka. Picha za wazee wenye ndevu ziliondolewa, na chini yake ile alama nyeupe ilikuwepo. Yule mzee wa mkate wa meza ya Bwana hakutaka kurudi. Mishame alikwenda kwake kila Jumapili asubuhi kwa majuma kumi na moja akamngoja uani, mpaka siku moja akatoka amevaa.

Mwaka wangu wa mwisho pale macho ya Mishame yalikuwa yamefifia, na mimi nilikuwa nimepata uhamisho. Nilikwenda kumuaga. Nilimkuta kwenye migomba, haparui tena, ameketi tu kati ya wanaoparua ili asikie. Nilimwambia kwamba nataka kuiandika habari ile na kuja kumsomea. Aliviringisha uzi wa ensete kidoleni. Nilidhani atakataa, kwa sababu hakupenda kusifiwa.

"Andika jina la mkwe wangu," alisema, "liandike lote. Mimi nimeshindwa kumtaja, wewe mtaje. Ila siku ukija kunisomea, ukifika hapo, nyamaza kidogo, halafu uendelee."